Krismasi ambayo Waingereza walikataa kupangiwa wimbo

Kwa miaka minne mfululizo, kuanzia 2005 hadi 2008, Mwingereza yeyote aliyefuatilia muziki alijua mapema nani atashika namba moja ya Krismasi. Jina la mwimbaji hakulijua, wala wimbo wenyewe. Alichojua ni kwamba mwimbaji huyo atatoka The X Factor, shindano la kusaka vipaji la kituo cha ITV. Kwamba fainali itafanyika katikati ya Desemba. Kwamba kibao cha mshindi kitaingia sokoni kabla machozi yake ya furaha hayajakauka. Na kwamba siku chache baadaye kibao hicho kitatangazwa kileleni mwa chati. Shayne Ward mwaka 2005. Leona Lewis 2006. Leon Jackson 2007. Alexandra Burke 2008.

Jumapili ya tarehe 20 Desemba 2009 ratiba hiyo ilivunjika. Wimbo uliotangazwa kuwa namba moja haukuwa wa Joe McElderry, kijana wa miaka 18 kutoka South Shields aliyetwaa ubingwa wiki moja kabla. Ulikuwa ni wimbo wa mwaka 1992 wa Rage Against the Machine, bendi ya Los Angeles: gitaa zito, sauti ya kufoka, maneno ya kuwalaani polisi wabaguzi, na mwishoni tusi moja linalorudiwa tena na tena. Uliuzwa nakala 502,672. Wa McElderry uliuzwa nakala 450,838. Walioanzisha jambo lile hawakuwa kampuni wala chama. Walikuwa mke na mume kutoka Essex, Jon na Tracy Morter, na nyuma yao watu karibu milioni moja waliojiunga na kundi lao la Facebook.

Kisa hiki husimuliwa mara nyingi kama mzaha wa Krismasi. Mimi nakiona kizito kuliko hivyo. Katika wiki ile moja wasikilizaji wa kawaida walisema waziwazi nini hasa kinawaudhi katika muziki wa kutengenezwa kwa kipimo, na katika wiki ileile wakakosea mtu wa kumwadhibu.

Kwanza tuelewe kilichokuwa kinagombewa. Chati ya Uingereza ilianza Novemba 1952, ikipangwa kwa hesabu ya sahani zilizouzwa madukani. Desemba ndio mwezi wa maduka kuuza sana, kwa hiyo wimbo unaokaa kileleni wiki ya Krismasi ukapata heshima ya pekee, na taifa zima likazoea kukisia utakuwa upi. Wakati mwingine ulikuwa wimbo mkubwa kweli: Queen walishika nafasi hiyo kwa wimbo uleule mara mbili, 1975 na 1991. Mwaka 1984 ilikuwa Band Aid, wasanii waliokusanyika kuchangia waathirika wa njaa Ethiopia. Wakati mwingine ulikuwa upuuzi mtupu. Mwaka 1980 ilishinda kwaya ya watoto wa shule ikimsifu bibi. Mwaka 1993 alishinda Mr Blobby, mdoli mnene wa rangi ya waridi mwenye madoa ya njano, na mwaka 2000 akafuata Bob the Builder, katuni ya fundi ujenzi. Watu walilalamika, wakacheka, wakasubiri mwaka mwingine. Hata mdoli alipochaguliwa, alichaguliwa na wao.

Mashindano ya runinga hayakuja kuua mchezo huo. Yalikuja kuutumia. Mfano wa kwanza wa kizazi hiki cha vipindi ulitoka New Zealand mwaka 1999, kipindi cha Popstars kilichounda kundi la wasichana la TrueBliss. Uingereza ikakiiga mwaka 2001, kisha Simon Fuller akaja na Pop Idol. Februari 2002 mshindi wake wa kwanza, Will Young, aliuza zaidi ya nakala milioni 1.1 ndani ya wiki moja. Watazamaji walipewa nafasi ya kuchagua nyota kwa simu zao, na wengi walimtegemea mwingine, Gareth Gates, ashinde. Raha ya kipindi ilikuwa hapo: hukujua.

The X Factor ilianza Septemba 2004, na mwenye nayo alikuwa Simon Cowell. Huyu alivaa kofia tatu kwa pamoja. Alikaa kwenye meza ya majaji. Kampuni yake ilikuwa na sehemu katika kipindi. Na lebo yake, Syco, iliyokuwa chini ya Sony, ndiyo iliyokuwa ikimsainisha mshindi. Kwa maneno mengine, aliyehukumu, aliyetangaza na aliyeuza alikuwa mtu mmoja, na tangazo lake la miezi minne lilirushwa saa za jioni wakati familia ziko sebuleni. Msanii mwingine yeyote aliyetaka namba moja ya Krismasi alikuwa anashindana na tangazo ambalo hakuna fedha ingeweza kulinunua.

Ukitazama kwa karibu jinsi kipindi kilivyoandaliwa, utaelewa kwa nini hamu ya watu ilianza kupungua hata kabla ya 2009. Mshiriki aliyeonekana akiingia mbele ya majaji akitetemeka alikuwa ameshapita usaili wa maprodyuza, wakati mwingine zaidi ya mara moja. Wenye sauti nzuri walipitishwa. Wenye sauti mbaya mno walipitishwa pia, kwa makusudi, ili nchi iwacheke. Wa katikati, ambao ndio wengi wetu, walirudishwa nyumbani bila kuonekana. Kila aliyefika mbali alitafutiwa kisa: mama mgonjwa, kazi ya dukani aliyoichoka, bibi aliyefariki. Walioingia fainali walirekodi kila mmoja wimbo uleule wa ushindi kabla ya matokeo, ili usiku wa matangazo kiwanda kisisubiri. Na wimbo wenyewe karibu kila mara ulikuwa wa mtu mwingine. Wa Leona Lewis ulikuwa wa Kelly Clarkson. Wa Leon Jackson ulikuwa wa Whitney Houston na Mariah Carey. Wa McElderry ulikuwa wa Miley Cyrus, na haukuwa umemaliza hata mwaka mmoja tangu utoke.

Mwanamuziki Sting aliliita jambo hilo karaoke ya runinga, na alisema hivyo Novemba 2009, mwezi mmoja tu kabla ya dhoruba. Mei ya mwaka uliotangulia, mdhibiti wa utangazaji Ofcom alikuwa ameitoza ITV faini ya pauni milioni 5.675 kwa matumizi mabaya ya simu za kulipia katika vipindi vyake kadhaa vya burudani. Imani ya mtazamaji kwamba kura yake inahesabiwa ilikuwa imeshatikiswa.

Mwaka 2008 ndipo hasira ilipoanza kupata mbinu. Alexandra Burke alipewa wimbo wa Leonard Cohen, Hallelujah, wa mwaka 1984, wimbo ambao kwa vijana wengi ulikuwa mali ya Jeff Buckley, Mmarekani aliyeurekodi mwaka 1994 na kufa maji miaka mitatu baadaye. Mashabiki wake waliona kaburi limechezewa. Wakahamasishana kununua wimbo wa Buckley wiki ileile. Matokeo: Burke namba moja, Buckley namba mbili, na Cohen mwenyewe, akiwa na miaka 74, akaibukia namba 36. Wimbo mmoja ukawa katika nafasi tatu za chati kwa sauti tatu. Kipindi kilishinda, lakini watu waliona kwamba inawezekana kuukaribia mlango.

Waliweza kwa sababu ya badiliko dogo la kanuni ambalo wengi hawakulitilia maanani. Tangu Januari 2007, chati ilihesabu wimbo wowote uliopakuliwa kwa malipo kwenye intaneti, hata kama hakuna CD yake dukani. Kabla ya hapo, kuurudisha wimbo wa zamani kileleni kulihitaji kampuni ikubali kuuchapa upya na maduka yakubali kuuweka rafuni. Sasa nyimbo nyingi za zamani zilikuwa dukani usiku na mchana, kwa chini ya pauni moja. Jon Morter alilitambua hilo mapema. Krismasi ileile ya 2008 alijaribu kuusukuma wimbo wa Rick Astley wa mwaka 1987 na akashindwa. Mwaka uliofuata yeye na mkewe wakachagua wimbo wenye jino.

Uchaguzi wao ulikuwa na akili. Mapambio yote ya Krismasi yameandikwa ili yasimuudhi mtu. Wimbo wa Rage Against the Machine uliandikwa ili uudhi. BBC yenyewe iliwahi kuteleza mwaka 1993 ikaupiga hewani bila kukata matusi, na wasikilizaji 138 wakalalamika. Kiini chake ni kukataa kuamriwa, na hilo ndilo hasa waliotaka kulisema watu wale, ingawa wengi wao hawakuwa na habari na siasa za bendi hiyo.

Mchekeshaji Peter Serafinowicz aliwasukuma wafuasi wake wa Twitter. Mwanamuziki Dave Grohl akaunga mkono. Kwenye mizani McElderry alikuwa na uzito zaidi: wimbo wake uliuzwa kwa kupakuliwa na kwa CD madukani, wa bendi ulikuwa wa kupakuliwa tu. Asubuhi ya tarehe 17 Desemba bendi ikaalikwa Radio 5 Live ya BBC kuupiga moja kwa moja, kwa makubaliano kwamba tusi la mwishoni litaachwa. Walipoifikia sehemu hiyo, mwimbaji wa bendi, Zack de la Rocha, aliimba mistari ya mwanzo kwa unyenyekevu, nafasi ya tusi ikabaki tupu. Kisha akalitoa, mara moja, mara mbili, na zaidi. Mtangazaji Shelagh Fogarty alisikika akitaka wakatwe hewani, na ikafuata radhi kwa wasikilizaji. Tangazo la namna hii haliwezi kununuliwa. Wiki ile kila mtu Uingereza alijua kuna vita.

Cowell aliikasirikia kampeni hiyo, akaiita ya kijinga, akasema inamlenga yeye na anayeumia ni kijana. Matokeo yalipotoka, aliwapigia simu akina Morter kuwapongeza. Kampeni ilikuwa pia inachangisha fedha kwa ajili ya Shelter, shirika linalosaidia watu wasio na makazi, na makumi ya maelfu ya pauni yalipatikana. Bendi ilikuwa imeahidi kwamba ikishinda itapiga bure, na tarehe 6 Juni 2010 ilitimiza: watu 40,000 walijaa Finsbury Park, London, bila kulipa kiingilio.

Wapo waliodharau ushindi ule kwa hoja moja ambayo kila mtu huitaja: lebo ya Rage Against the Machine, Epic, ni mali ya Sony, na Syco ya Cowell ilikuwa chini ya Sony vilevile. Uwe umenunua wimbo wa hasira au wimbo wa machozi, pauni yako imekwenda jumba lilelile. Hoja hii ni ya kweli, lakini haigusi jambo lenyewe. Waliobofya kitufe hawakuwa wamekwenda kuifilisi Sony. Walitaka kurudishiwa haki ya kutojua nani atashinda, na ya kushiriki katika kulijibu swali hilo. Walirudishiwa. Kwa mpenda mpira nisingehitaji kueleza: hakuna anayechukia timu kubwa ikishinda kila wiki kwa miguu yake. Anachochukia ni matokeo ya kupangwa.

Na hapa ndipo sikubaliani na wanaosema kwamba ubaya wa muziki huu ni kule kutengenezwa. Chukua Boney M. Ukipita Kariakoo au Biashara Street mwezi wa Desemba utawasikia, kama walivyosikika Desemba zote tangu tukiwa watoto. Wimbo wao wa kumsifu mtoto wa Mariamu ulikuwa namba moja ya Krismasi Uingereza mwaka 1978. Boney M waliundwa na prodyuza Mjerumani, Frank Farian, ambaye alianza kwa kurekodi wimbo peke yake kisha ndipo akatafuta watu wa kuusimamia jukwaani. Bobby Farrell, yule mchezaji aliyerukaruka na nywele zake, hakuimba kwenye rekodi. Sauti nzito ya kiume unayoisikia ni ya Farian mwenyewe. Maizie Williams naye alisimama jukwaani tu, huku kazi ya studio ikifanywa na Liz Mitchell na Marcia Barrett. Ni muziki wa kutengenezwa kuanzia unyayo hadi utosi. Na ni mzuri. Sauti ya Liz Mitchell imewafariji watu katika nchi ambazo Farian hakuwahi kuziota, na sioni sababu ya mtu kuona haya kuupenda.

Farian huyohuyo, miaka kumi baadaye, alitengeneza Milli Vanilli. Vijana wawili wazuri wa sura, Rob Pilatus na Fab Morvan, waliwekwa mbele. Waimbaji wa kweli, Brad Howell, John Davis na Charles Shaw, walifichwa studio. Februari 1990 walipewa tuzo ya Grammy ya wasanii bora wapya. Novemba mwaka huo Farian akakiri kwamba vijana wake hawakuimba hata mstari mmoja wa albamu ile, na tuzo ikanyang'anywa. Umma wa Marekani uliwageuka kwa ukali usio na kifani. Sahani zilivunjwa, kesi zilifunguliwa, wachekeshaji walikula kwa mgongo wao kwa miaka. Rob Pilatus alifariki mwaka 1998 katika hoteli karibu na Frankfurt, baada ya miaka ya dawa za kulevya na jela, akiwa bado kijana. Farian aliendelea na kazi yake, na alipofariki Januari 2024 akiwa na miaka 82 alikumbukwa kama fundi mkubwa wa pop.

Nimekirudia kisa hicho kwa sababu kinafanana mno na mengine. Umma unapogundua kwamba umechezewa, unamrukia aliye mbele ya kamera. Aliye mbele ya kamera ndiye mwenye nguvu kidogo kuliko wote.

McElderry alikuwa na miaka 18. Hakupanga ratiba, hakuchagua wimbo, hakumiliki lebo. Wiki iliyofuata baada ya Krismasi wimbo wake ulipanda namba moja, lakini hakuna aliyejali tena. Albamu yake ya kwanza ilitoka Oktoba 2010 na kufika namba tatu, matokeo ambayo msanii mwingine angeyafurahia. Mwaka 2011 Syco ikaachana naye. Leon Jackson alikuwa ameachwa vilevile, na Steve Brookstein, mshindi wa kwanza kabisa, hakumaliza hata mwaka. Ule mkataba wa pauni milioni moja uliokuwa ukitangazwa kila Jumamosi ulikuwa na mkono mfupi: sehemu aliyoipata mshindi mkononi ilikuwa ndogo, na iliyobaki ilikuwa gharama za kurekodi na kumtangaza. McElderry hakukata tamaa. Mwaka uleule alioachwa alishinda shindano jingine la runinga, la kuimba opera, akatoa albamu iliyofika namba mbili, na baadaye akaingia katika michezo ya jukwaani. Sauti alikuwa nayo. Kilichokosekana ni mtu wa kumsubiri aikuze.

Mwaka huohuo wa 2009, kwenye shindano jingine la Cowell, Susan Boyle wa Scotland, mwanamke wa makamo mwenye mavazi ya kawaida, alipanda jukwaani huku ukumbi ukimkodolea macho ya dharau, akafungua kinywa, na ukumbi ukasimama. Alishindwa fainali, akashika nafasi ya pili nyuma ya kundi la wacheza dansi. Novemba albamu yake iliuza zaidi ya nakala 400,000 Uingereza katika wiki ya kwanza.  Kwa hiyo kipindi cha runinga kinaweza kumleta mtu wa kweli. Lakini tusisahau kwamba dharau ile ya ukumbi ilikuwa sehemu ya mpango. Kamera zilikuwa zimewekwa tayari kuipiga picha.

Mwaka uliofuata mambo yakawa mazito zaidi, na safari hii yakamhusu binti wa Kiafrika. Agosti 2010 The X Factor ilimwonyesha Gamu Nhengu, aliyezaliwa Zimbabwe na kuishi katika mji mdogo wa Tillicoultry, Scotland. Alipendwa mara moja. Lakini masikio ya watazamaji yalikuwa yameshafunguka: wengi walisikia sauti yake imenyooshwa na Auto-Tune, ile programu ya kusahihisha noti, katika usaili ambao unatakiwa kuwa mtihani wa sauti. Malalamiko yakamiminika. Kipindi kikakiri kwamba sauti zilifanyiwa kazi baada ya kurekodiwa, na Cowell akaagiza jambo hilo likome. Fikiria nafasi ya binti huyo. Hakuomba kusahihishwa, na sasa nchi nzima inajadili kama anajua kuimba. Oktoba jaji wake, Cheryl Cole, akamwacha nje ya hatua ya maonyesho ya moja kwa moja, na wakati huohuo familia yake ikawa inakabiliwa na kufukuzwa nchini kwa suala la viza. Zaidi ya watu laki mbili walijiunga kumtetea kwenye Facebook. Mwaka 2011 familia ilishinda rufaa na kubaki Scotland. Katika historia nzima ya hasira hii, hiyo ndiyo mara ninayoiheshimu kuliko zote, kwa sababu watu walisimama upande wa mshiriki.

Sisi wa pwani hatuna sababu ya kuogopa mashindano ya muziki, tumelelewa humo. Ngoma ya beni iligawa miji ya pwani, Dar es Salaam mojawapo, katika makundi hasimu ya Marini na Arinoti, na watu walitumia fedha zao za mwisho kuhakikisha upande wao haushindwi kwa sare wala kwa tarumbeta. Taarabu imeishi kwa vijembe vya kundi dhidi ya kundi. Lakini tazama fedha inavyotembea katika ukumbi wa taarabu. Mama aliyeguswa na ubeti anainuka kwenye kiti, anakwenda mbele akicheza, anamtunza mwimbaji noti mkononi au kwenye paji la uso, na kila mtu ukumbini anaona nani kampa nani. Kura ya simu ni noti ileile ya mama yuleyule. Ila inapita kwa kampuni ya simu, kituo cha runinga na mwenye kipindi kabla ya kumfikia mwimbaji, kama itamfikia.

Vipindi hivyo vilifika kwetu mapema. Tusker Project Fame ilianza mwaka 2006, ikawafungia vijana wa nchi kadhaa katika nyumba moja Nairobi, na tukashuhudia ushindi ukienda kwa Valerie Kimani wa Kenya, Esther Nabaasa wa Uganda, Alpha Rwirangira wa Rwanda, hadi Hope Irakoze wa Burundi mwaka 2013. Tanzania ikawa na Bongo Star Search ya Rita Paulsen, Madam Rita, na majina kama Walter Chilambo, aliyeshinda 2012 na ambaye leo watu wanamjua kwa nyimbo za injili. Nilipenda kuona Mrundi akipigiwa kura na Wakenya. Hakuna mkutano wa wanasiasa uliowahi kufanya hivyo. Hata hivyo nyota wakubwa wa Bongo Fleva, Alikiba na Diamond kwa mfano, walikuja kwa njia nyingine: studio za mitaani, redio, harusi, kubembeleza watangazaji, kufeli na kurudi. Mtaa uliwachuja kwa miaka kabla haujawakubali.

Uingereza yenyewe ilijaribu kurudia ushindi wa 2009 na haikuweza. Mwaka 2010 kundi jingine liliusukuma utunzi wa John Cage ambao ni ukimya mtupu wa dakika nne na sekunde thelathini na tatu. Ulifika namba 21. Kipindi kilichukua Krismasi ya mwaka huo, kikachukua tena 2013 na 2014. Lakini katikati yake watu walizidi kuchagua mambo yao: mwaka 2011 kwaya ya wake wa wanajeshi, 2012 wasanii wa kuchangia familia za waliokufa uwanjani Hillsborough, 2015 kwaya ya madaktari na wauguzi wa hospitali za umma, iliyomshinda Justin Bieber baada ya Bieber mwenyewe kuwaomba mashabiki wake wainunue. The X Factor ilirushwa kwa mara ya mwisho Uingereza mwaka 2019, na Julai 2021 ikathibitishwa kwamba hakuna mpango wa kuirudisha.

Tangu hapo wanaozungumza ni wale waliokuwa jukwaani. Rebecca Ferguson wa Liverpool, mshindi wa pili wa mwaka 2010, alianza mwaka 2021 kudai hadharani bunge lichunguze jinsi kampuni na mameneja wanavyowatendea wasanii chipukizi. Katie Waissel, aliyekuwa naye mwaka uleule, amedai kwamba waandaaji hawakuwalinda. Mwaka 2021 Ofcom iliweka kanuni mpya zinazowataka watangazaji wajali hali ya washiriki walio katika hatari ya kuumia kwa sababu ya kipindi. Oktoba 2024 Liam Payne alianguka kutoka ghorofani katika hoteli mjini Buenos Aires akafa, akiwa na miaka 31. Alipanda jukwaa la The X Factor kwa mara ya kwanza akiwa na miaka 14, na mwaka 2010 akaunganishwa na wavulana wengine wanne walioshindwa kusonga mbele kama waimbaji binafsi, wakawa One Direction. Baada ya msiba wake, swali la nani alikuwa akiwaangalia watoto wale liliulizwa na watu ambao zamani walikuwa wakipiga kura.

Ferguson alitoa ushahidi mbele ya kamati ya bunge ya wanawake na usawa, iliyokuwa ikichunguza unyanyasaji wa wanawake katika muziki. Ripoti ya kamati hiyo ilitoka Januari 2024. Mojawapo ya mapendekezo yake ni kwamba mikataba ya kuwafunga watu midomo isitumike kamwe kuficha unyanyasaji, ubaguzi na udhalilishaji wa kingono. Waliosaini karatasi za namna hiyo wakiwa na miaka 18 au 19 sasa ni watu wazima wenye watoto, na baadhi yao wanataka kusema.